Cheni hailiki kwa umri: tuliyojifunza chini ya ekskaveta na buldoza za Dar es Salaam

Mashine nyingi zinazoletwa gereji hapa Dar es Salaam huja na lalamiko la injini au la haidroliki. Mwenye mashine anataka kujua kwa nini moshi umekuwa mweusi, au kwa nini pampu inalia. Ukiinama kutazama chini unakuta meno ya sproketi yamechongoka, rola mbili zimekwama, na cheni imelegea hadi inagusa fremu. Hilo hakuna aliyelitaja, na hapo ndipo fedha nyingi zinapoishia. Kwa buldoza, watengenezaji wenyewe hukadiria kwamba andakareji, yaani cheni, rola, aidla na sproketi, hula karibu nusu ya gharama za matengenezo katika maisha yote ya mashine. Ekskaveta husimama na kuchimba muda mwingi, kwa hiyo fungu lake ni dogo zaidi, ila bili ya seti nzima ya chini inatosha kusimamisha mradi.

Tunayoandika hapa tumeyapata kwa kufungua, kupima na kurudishia cheni za mashine zilizofanya kazi kuanzia mchanga wa Kigamboni hadi mawe ya Wazo. Jambo kubwa tuliloshika ni kwamba cheni hailiki kwa umri wa mashine. Hulika kwa udongo inaoukanyaga, kwa jinsi ilivyokazwa na kwa mkono wa opareta. Yote matatu yanapimika kabla ya hasara.

Tuchukue ekskaveta ya tani 20, maana ndiyo iliyojaa mjini. Kila upande una cheni yenye linki 45, au 49 kwa fremu ndefu. Linki ni jozi ya mikono miwili ya chuma, wa kulia na wa kushoto. Upande mmoja wa jozi imeshindiliwa bushi, upande wa pili pini, na pini ya linki moja hupita ndani ya bushi ya linki jirani. Hapo ndipo cheni inapokunjika. Juu ya linki kumefungwa viatu, yaani vibao vya chuma vyenye meno ya kushika ardhi, kwa bolti nne nne. Nyuma kuna sproketi iliyoshikwa na fainali draivu, yaani boksi la gia linaloizungusha, na meno ya sproketi husukuma bushi. Mbele kuna aidla, ambayo haina meno, kazi yake ni kuiongoza cheni irudi chini ikiwa imenyooka. Rola za chini, 7 hadi 9 kila upande, ndizo zinazobeba uzito wote wa mashine. Rola za juu, kwa kawaida mbili, hubeba uzito wa cheni tu isining'inie. Nyuma ya aidla kuna silinda ya grisi inayoisukuma mbele, na nyuma ya silinda kuna springi nzito inayorudi nyuma jiwe likiingia kati ya cheni na sproketi.

Watu husema cheni "imevutika". Chuma cha linki hakivutiki. Kinachotokea ni pini kulika kwa nje na bushi kulika kwa ndani, hivyo kila kiungo kinapata mwanya. Kila kiungo kikipoteza milimita moja, cheni ya linki 45 imeongezeka milimita 45. Na tatizo si urefu wa jumla. Tatizo ni hatua, yaani umbali kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata. Kwa Komatsu PC200 na Caterpillar 320 hatua hiyo ni milimita 190, na sproketi imekatwa meno kwa kipimo hichohicho. Hatua ikifika 193 au 194, bushi haikai tena kwenye shina la jino. Inapanda juu ya ubavu wa jino, inalisugua, na kuliacha jembamba na limechongoka. Jino hilo nalo linaisugua bushi. Kuanzia hapo kila kimoja kinamla mwenzake, na kasi ya kulika haifanani na ya mwanzo.

Ndiyo maana tunapinga kwa nguvu zote ile tabia ya kukata linki. Cheni ikilegea hadi silinda ya grisi imefika mwisho, kuna fundi atakayekwambia atoe linki moja, aunganishe, ukaendelee na kazi. Cheni itakaza, kweli. Lakini linki 44 zilizobaki zina hatua ileile ndefu, na sproketi itaendelea kutafunwa. Mara nyingi mwenye mashine akiona sproketi imekwisha hununua mpya na kuifunga kwenye cheni hiyo iliyokatwa. Sproketi mpya ya hatua ya 190 ikikutana na cheni ya 195 huanza kuchongoka ndani ya muda mfupi sana. Silinda ikifika mwisho, cheni inakwambia ipimwe. Ikiwa kipimo kinaonyesha bado ina maisha na ni silinda iliyovuja grisi, rekebisha silinda. Ikiwa kipimo kimepita, nunua cheni na sproketi pamoja.

Kupima si kazi ngumu, na vifaa vyake ni futi ya chuma na kalipa. Osha cheni kwanza. Weka pini ya zamani au kipande cha nondo nene kati ya jino la sproketi na bushi, rudisha mashine nyuma polepole hadi sehemu ya juu ya cheni ikaze, kisha zima injini. Chagua linki nne ambazo pini ya kuungia cheni haimo kati yake, maana ile hulika tofauti na nyingine. Pima kutoka ukingo wa pini ya kwanza hadi ukingo uleule wa pini ya tano. Cheni mpya ya hatua ya 190 itakupa 760. Kwa mashine za aina hii ukomo uko jirani na 776. Kitabu cha mashine yako kitakupa namba kamili. Wakati huohuo pima kwa kalipa kipenyo cha bushi kwa nje, pale jino linapokanyaga, na urefu wa linki kutoka uso wa kiatu hadi uso unaopita kwenye rola. Pima pia meno ya viatu. Usipime kwa macho. Bushi iliyolika milimita tatu upande mmoja inaonekana nzima ukisimama hatua mbili.

Sababu ya kupima mapema ni ugumu wa chuma. Nyuso za linki, rola, aidla na bushi zimepikwa kwa joto zikawa ngumu kwa kina fulani tu. Ndani yake chuma ni laini ili kisipasuke. Tabaka gumu likiisha, kinachobaki hulika kwa kasi nyingine kabisa, na bushi zinaanza kupasuka. Kwenye buldoza, ukiwahi kabla ya hapo unaweza kugeuza pini na bushi nusu mzunguko, upande usiolika ukaja kazini, na cheni ikapata maisha ya pili. Kazi hiyo inataka presi ya haidroliki. Kwa cheni za buldoza zenye oili ndani ya pini inataka pia sili mpya na kujazwa oili upya. Ukichelewa, bushi imeshatoboka na hakuna cha kugeuza. Kwa ekskaveta ya tani 20, ambayo cheni yake ina grisi na sili za kawaida, wengi huona nafuu kutumia cheni hadi ukomo na kuibadilisha nzima. Nasi tunakubaliana nao.

Sasa udongo. Dar es Salaam ni mji wa pwani na ardhi yake si moja. Mchanga wa Kigamboni, Mbezi na Boko ndio unaoongoza kwa kula cheni, na mchanga uliolowa ni mbaya kuliko mkavu, kwa sababu maji hubeba chembe hadi kwenye kila mwanya na kuzigeuza uji wa kusugulia. Mashine inayochimba msingi kwenye mchanga wenye maji huonyesha bushi zinazong'aa. Mng'ao huo usikufurahishe, ni chuma kinachoondoka. Mawe ya chokaa na matumbawe ya Kunduchi na Wazo hayasugui hivyo. Yanapiga. Huko utaona viatu vimepinda, bolti zimekatika, linki zimepata ufa na rola zimemeguka kingo. Bonde la Msimbazi lina tope la mfinyanzi ambalo hujaa ndani ya fremu na kati ya meno ya sproketi. Tope likijaa kwenye sproketi, bushi haziingii hadi chini, na cheni inakazika yenyewe hadi inaweza kubana aidla. Kisha jua la Dar es Salaam likipiga mchana mmoja, tope hilo linakuwa tofali. Rola ya juu haizunguki tena, cheni inateleza juu yake, na baada ya wiki chache upande mmoja wa rola umekuwa bapa.

Kwa hiyo tope litolewe jioni, likiwa bichi. Kwa ekskaveta, geuza sehemu ya juu ikae ubavuni, weka tumbo la ndoo chini (si meno yake), na pembe kati ya mkono mkubwa na mdogo iwe kati ya digrii 90 na 110. Nyanyua upande mmoja, kisha zungusha cheni mbele na nyuma hadi tope lidondoke. Mtu asikae karibu, mawe hurushwa. Linalobaki litolewe kwa koleo na maji. Kazi ya ufukweni au kwenye mikoko ina sharti la ziada: maji ya chumvi lazima yaoshwe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, na mashine isiingie kwenye maji kupita katikati ya rola ya juu. Baada ya kazi ya maji fungua plagi ya fainali draivu uangalie oili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, sili imepitisha maji, na kuendelea kufanya kazi hivyo ni kuzika beringi na gia kwa pamoja.

Suala la mkazo wa cheni ndilo linalokosewa na wengi, na kosa kubwa ni kukaza kupita kiasi. Opareta akiwa ameshaona cheni ikitoka mara moja, huikaza hadi inakuwa kamba ya gitaa, akidhani amejikinga. Cheni iliyokazwa hivyo inasaga bushi na sproketi kila inapokunjika, inaelemea beringi za aidla na inakula nguvu ya injini. Cheni iliyolegea mno nayo hupiga fremu, hupanda meno na hutoka kwenye kona. Kipimo kipo, ila kila mtengenezaji ana mahali pake pa kupimia. Hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Kwa baadhi ya mashine unalaza ubao ulionyooka juu ya cheni kati ya aidla na rola ya juu, na kupima mwanya kati ya ubao na meno ya kiatu pale palipobonyea zaidi. PC200 kwa njia hiyo hutaka milimita 10 hadi 30, ilhali Caterpillar 320 hutaka takribani 40 hadi 55. Nyingine unanyanyua upande mmoja wa mashine na kupima kutoka chini ya fremu hadi mgongo wa kiatu, na huko namba inazidi 300. Ukichukua namba ya njia moja ukaitumia kwa njia nyingine, umeharibu. Kwa njia ya ubao, peleka mashine mbele urefu wake mara mbili, iache isimame yenyewe, ndipo upime. Na upime mashine ikiwa na tope la eneo inalofanyia kazi. Ukipima ikiwa imeoshwa na kesho ikarudi kwenye tope la Jangwani, huko bonde la Msimbazi, cheni itakazika kupita kipimo ulichoweka.

Kukaza ni kusukuma grisi kwenye nipo, yaani tundu la kuingizia grisi, ya silinda ya aidla kwa bomba la mkono, kisha kwenda mbele na kurudi, na kupima tena. Kulegeza kunahitaji uangalifu kuliko kazi zote za andakareji. Grisi iliyo ndani ya silinda hiyo ina shinikizo linaloweza kupenya ngozi. Fungua valvu taratibu, isizidi mzunguko mmoja, huku umesimama pembeni, uso na mikono mbali na tundu. Grisi isipotoka, usiendelee kufungua. Sogeza mashine mbele na nyuma kidogo. Usiipige valvu, usiichome moto. Na springi iliyo nyuma ya silinda isifunguliwe kamwe bila presi yake maalumu, kwa sababu imebanwa kwa nguvu ya tani kadhaa hata ikiwa imelala mezani. Mtu akipenyezewa grisi mwilini, hata kama ni tundu dogo lisilouma, apelekwe hospitali saa hiyohiyo na daktari aambiwe ni grisi ya shinikizo.

Cheni inayolegea kila baada ya siku mbili tatu baada ya kukazwa haina shida ya kukazwa. Angalia sili ya silinda. Utaona grisi imetapakaa ndani ya fremu nyuma ya aidla, au inatoka kwenye valvu yenyewe.

Rola hazifi kwa kishindo. Ndani ya kila rola ya chini kuna oili, shafti na bushi zake, na kila mwisho kuna sili ya pete mbili za chuma zilizosuguliwa zikagusana uso kwa uso, kila moja ikishikiliwa na pete ya mpira. Mchanga uliokauka au waya uliojizungusha ukiingia hapo, pete zinatengana na oili inaondoka. Dalili ya kwanza ni mstari mweusi wa oili wenye vumbi kwenye ubavu wa rola. Dalili ya pili ni joto. Mashine ikishatembea mita mia mbili hivi, simamisha, zima, na usogeze kiganja karibu na kila rola bila kuigusa. Ile inayotoa joto kuliko jirani zake haina oili. Ukiibadilisha wakati huo umepoteza rola moja. Ukiiacha, itakwama, itakuwa bapa, na linki zote 45 zitapita juu ya kona ya bapa hilo mchana kutwa.

Kuhusu kujaza rola kwa kuchomelea, msimamo wetu ni huu: kwa elektrodi ya mkono usifanye. Joto huunguza pete za mpira, oili iliyo ndani inaweza kuchemka na kujenga shinikizo, na uso unaopatikana hauna ugumu sawa, kwa hiyo unakula linki. Kujaza kunawezekana pale rola imefunguliwa yote, ikajazwa kwa mashine inayozungusha, ikachongwa na kufungwa kwa sili mpya. Linganisha gharama hiyo na ya rola mpya kabla hujaamua. Kosa jingine la aina hii ni kumwagia cheni oili chafu ya injini eti ilainike. Oili hiyo haifiki kwenye pini. Inabaki nje, inashika mchanga, na mchanga unapata mahali pa kukaa.

Ukienda mtaa wa Gerezani kununua rola, nenda na namba ya spea na ya zamani mkononi. Rola zina kingo moja au mbili kila upande, na zimepangwa chini ya fremu kwa mpangilio ulio kwenye kitabu. Ukizichanganya, kingo zinagongana na sproketi au cheni inakosa mwongozo. Pima umbali wa matundu ya bolti. Zungusha rola kwa mkono: iwe nzito kidogo, isikwaruze. Kisha omba kuipitisha tupa sehemu inayokanyagwa na linki. Tupa ikiteleza, uso umepikwa. Ikiuma na kutoa unga, rola hiyo ni laini, irudishe hata kama bei inavutia.

Viatu vina kanuni moja: chagua vyembamba kadiri ardhi inavyoruhusu. Ekskaveta ya tani 20 yenye viatu vya milimita 600 hukandamiza ardhi kwa takribani nusu kilo kwa kila sentimita ya mraba, na hiyo inatosha kwa sehemu kubwa ya mji. Viatu vya 800 vinafaa kwenye tope laini tu. Ukivipeleka kwenye mawe ya Kunduchi, ncha yake ikikanyaga jiwe inageuka wenzo unaopinda kiatu, kunyonga linki na kukata bolti. Bolti za viatu hukazwa kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, hadi kipimo cha kitabu, kwa mpangilio wa msalaba, kisha kwa mashine nyingi huongezwa theluthi moja ya mzunguko. Nyuzi ziwe safi, na sehemu ya linki inayokutana na kiatu ipigwe brashi ya waya, maana kutu na rangi vikilika bolti inalegea. Ukikuta moja imelegea, kagua zote nne. Bolti iliyofanya kazi ikiwa imelegea isirudishwe, na usikichomelee kiatu kwenye linki kwa hali yoyote ile.

Kwa opareta, tuna maombi machache. Usirudi nyuma kwa kasi bila sababu. Mashine ikienda mbele sproketi ikiwa nyuma, pini ndiyo inayozunguka ndani ya bushi, na bushi imetulia kwenye jino. Ikirudi nyuma, bushi huzunguka ikisugua jino chini ya mzigo, na sehemu yote ya juu ya cheni hadi aidla inakuwa imekazwa. Buldoza inayosukuma mita 30 na kurudi gia ya tatu inakula bushi wakati wa kurudi, wakati haifanyi kazi yoyote. Usikate kona kali papo hapo, na usigeukie upande mmoja siku nzima. Badilisha. Kwenye mteremko panda na ushuke ukiwa umenyooka, kwa sababu kazi ya ubavuni hula kingo za rola na mbavu za linki za upande wa bondeni. Kabla hujasukuma levu za kutembea kwenye ekskaveta, jua sproketi iko wapi. Ikiwa mbele yako, levu zinafanya kinyume. Na mabosi wasimwambie opareta atembeze mashine kutoka Boko hadi Tegeta ili kuokoa gharama ya lobedi, yaani trela ya kubebea mashine. Mwendo mrefu hupasha rola moto, huchemsha oili ya fainali draivu, na lami hung'oa meno ya viatu kama vile viatu vinavyoing'oa lami.

Cheni ikitoka, usilazimishe kutembea. Zima, angalia kama ni jiwe, mkazo uliopotea au kingo za rola zilizokwisha. Nyanyua upande huo kwa ndoo, weka magogo imara chini ya fremu, legeza grisi, kisha rudisha cheni kuanzia kwenye sproketi, ukiizungusha polepole huku mtaimbo ukiiongoza kwenye aidla. Cheni nzima na viatu vyake ina zaidi ya tani moja, kwa hiyo vidole visiingie kati. Ikibidi kufungua pini ya kuungia, itafute kwa alama yake kwenye ncha, ilete mbele ya aidla, weka gogo chini, na uisukume kwa presi. Ukitumia nyundo, wote waliopo wavae miwani, kwani chuma kilichopikwa hurusha vipande.

Kununua mashine iliyotumika ndipo elimu yote hii inapolipa. Mwaka 1947 Waingereza walipoanzisha mpango wa karanga Kongwa walinunua mitambo iliyobaki vitani, mingine kutoka Ufilipino, ikashushwa bandarini hapa Dar es Salaam. Mingi iliharibika mapema na kazi ya kufyeka mapori ikakwama. Leo ekskaveta zilizotumika bado zinashuka bandarini hapa zikiwa zimepakwa rangi mpya hadi kwenye rola. Kwaruza rangi. Pima linki nne kila upande, tazama kama aidla imesukumwa hadi mwisho, hesabu linki ujue kama kuna iliyokatwa, kisha toa thamani ya kilicholika kwenye bei.

Weka daftari. Tuseme kwenye saa 3,000 linki nne zilikuwa 764, na kwenye saa 4,500 zimefika 769. Zimeongezeka milimita 5 kwa saa 1,500. Zimebaki milimita 7 kufika 776, yaani takribani saa 2,100. Kwa saa 8 kwa siku na siku 25 kwa mwezi, hiyo ni miezi kumi na nusu. Usipange kuimaliza yote, maana tabaka gumu likiisha hesabu inabadilika. Agiza cheni na sproketi miezi sita au saba baada ya kipimo hicho, ili mzigo ufike kwa meli kabla mashine haijasimama. Mashine ikihamishwa kutoka mawe kwenda mchanga, hesabu ya zamani haifai tena. Pima kila baada ya saa 500, asubuhi, cheni ikiwa imeoshwa, kwenye linki zilezile nne zilizowekwa alama ya rangi, na upande wa kulia uandikwe mbali na wa kushoto, kwa kuwa ni nadra sana pande mbili kulika sawa.